Neno Juu ya Mstari

Si zamani sana nilikuwa kwenye semina ya walimu, na mkufunzi, kijana mwenye sauti nzuri, alibandika karatasi kubwa ukutani, akachora duara katikati na kuandika ndani yake neno MAJI. Akachora maduara mengine pembeni, akayaunganisha kwa mistari, kisha akatuambia kwamba hiyo inaitwa ramani ya dhana, njia mpya ya kumsaidia mtoto kupanga anayoyajua. Wenzangu walinakili. Mimi nilibaki na kalamu mkononi bila kuandika. Kalamu zake za rangi zilinuka dawa, lakini harufu iliyonijia ilikuwa ya makala, makaa ya kupikia, yaliyolowa mvua, na nikatoka nje kama mtu aliyeitwa. Mkufunzi alinifuata, akidhani naumwa. Nilimwambia hapana, jambo hilo nilijifunza nikiwa na miaka kumi, na aliyenifundisha ni mama yangu. Sikumwambia zaidi ya hapo. Ninyi wa umri wangu, mliokulia kule Katanga na kuiona miaka ile kwa macho ya watoto, nitawaambia yaliyobaki.

Tulikaa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi, nyumba ya vyumba vitatu yenye mpapai nyuma. Baba yangu, Ilunga, aliendesha mashine kubwa ya kuchota mawe ndani ya shimo. Alikuwa mtu wa Kabongo, kaskazini mwa Katanga, na hakuwa msemaji. Mama yangu, Ngalula, alikuwa mwalimu wa mwaka wa tano. Baba yake aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana ili afanye kazi mgodini, akazeekea hapo, akazikwa hapo. Mama mwenyewe alizaliwa katika hospitali ya kambi na hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja. Aliijua kwa nyimbo ambazo bibi zake waliimba kwenye misiba, na nusu ya maneno yake hakuyaelewa.

Humo ndani tulikuwa pia na mdogo wangu Kalala, ambaye alikuwa bado ananyonya, na Banza, mdogo wake baba. Banza alikuja kwetu kutoka kijijini akiwa kijana mkubwa asiyejua kusoma. Mama alimfundisha mezani, baada ya kula, sahani zikiwa zimesukumwa pembeni, miaka miwili mizima, hadi akaweza kuandika barua. Banza alimwita mama “Mama” kama sisi, ingawa hawakupishana umri sana. Aliponibeba mabegani kwenda kanisani, niliona Kolwezi yote hadi kwenye vilima vya udongo wa mgodi.

Mnakumbuka jinsi mambo yalivyoanza kuharibika. Basi la wafanyakazi lilikuja siku tatu kwa juma, kisha siku moja, kisha likaachwa limesimama juu ya mawe bila magurudumu. Unga wa kampuni ulipungua. King'ora cha asubuhi kililia na wanaume wakabaki wamekaa kwenye vibaraza. Shuleni vitabu viliisha, na vilivyobaki havikuwa na kurasa za mwanzo wala za mwisho. Mama alikuwa na watoto zaidi ya sitini na vitabu vinne vya masomo ya mazingira. Ndipo siku moja akaingia darasani mikono mitupu, akasema kwamba kuanzia leo kitabu tutakitoa vichwani mwetu.

Nilikuwa katika darasa lake, na humo ilinibidi nimwite Madamu kama wengine. Alichora duara kwenye ubao, akaandika SHABA.

“Shaba inatoka wapi?”

“Mu udongo, Madamu!”

Akachora duara la udongo, akavuta mstari. Tukampa mengine: mashine, moto, treni, nyaya za umeme, sufuria, baba zetu. Ubao ulijaa. Mtoto mmoja aliitwa mbele aunganishe treni na baba; akavuta mstari, akarudi kukaa. Mama akamrudisha.

“Umesahau neno. Mustari yenye haina neno haisemi kitu. Angalia: paka na panya. Kuko mustari kati yabo, eyo. Lakini neno njo gani? Anamupenda? Anamuoa? Anamukula?”

Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa jirani akagonga ukuta. Lakini tulielewa. Kutoka siku ile hatukuruhusiwa kuunganisha vitu viwili bila kusema vinahusiana vipi, na neno liwe la kweli. Mama alitembea kati ya madawati akiinama juu ya daftari zetu, na kila alipokuta mstari mtupu aliweka kidole hapo na kungoja. Hakukiondoa hadi mtoto apate neno. Nilidhani wakati ule kwamba ulikuwa mchezo. Leo nikiwa mwalimu mwenyewe najua kwamba mtu aliyezoea kuwekewa kidole hapo hawezi tena kudanganywa kirahisi na watu wanaosema “hawa na hawa” bila kueleza kitu.

Katika miezi hiyohiyo Banza alianza kwenda kwenye mikutano. Kazi hakuwa nayo, wala rafiki zake hawakuwa nayo. Walikwenda uwanjani mchana na kurudi wamekauka sauti, na nyimbo walizorudi nazo waliziimba hata wakinawa mikono. Katika nyimbo hizo kulikuwa na neno moja ambalo nililijua vizuri: bilulu. Kwetu bilulu ni wadudu. “Bilulu bitoke!” Banza aliimba. Redio ilisema hivyohivyo. Sokoni wanawake walisema kwa sauti ya chini kwamba bilulu watafukuzwa wote, hawatabakizwa.

Mimi nilifurahi. Zamani kampuni ilikuwa ikituma wanaume wenye mapipa mgongoni waliopuliza dawa ya mbu katika kila nyumba, na tulikuwa tukiwafuata mlango kwa mlango huku tukikohoa na kucheka. Walikuwa wameacha kuja. Kalala alikuwa ameumwa malaria mara mbili. Nikaelewa kwamba wakubwa wamekaa uwanjani, wamelizungumza jambo hilo, na wale wanaume watarudi. Kitu kimoja tu kilinitatiza: kila neno lile liliposemwa redioni mama alizima redio, na Banza alipoliimba ndani ya nyumba, mama alitoka nje. Nikafikiri mama anawaogopa wadudu kuliko nilivyojua.

Ikafika siku ambayo Madamu alitupa kazi ya kufanya nyumbani: kila mtoto achague neno lake mwenyewe. Nilichagua BILULU.

Nilifanya kazi ile kwa bidii kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nilichora mbu, nikaandika juu ya mstari “analeta” na katika duara “malaria”. Nilichora mchwa, “anakula”, “mulango yetu”. Niliwaweka hata wale viwavi tunaowakausha na kuwala, na nyuki, na siafu. Kisha nikaongeza yale niliyoyasikia. Kutoka kwa Banza nilivuta mstari hadi kwenye bilulu, nikaandika “atafukuza”. Kutoka kwa mama nilivuta mwingine, nikaandika “anaogopa”.

Asubuhi niliomba kusoma wa kwanza. Nilisimama mbele, nikainua karatasi ili wote waone, nikasoma. Nilipofika kwenye mchwa walikuwa bado wanacheka vizuri. Nilipofika kwa Banza, watoto kadhaa waliacha kucheka na wengine wakaanza kucheka vibaya. Mvulana aliyekaa nyuma akasema, “Kweli, bitoke!” Msichana wa dawati la kwanza, ambaye baba yake pia alikuwa mtu wa Kasai, aliweka kichwa juu ya meza. Nikasoma mstari wa mwisho kwa sababu nilikuwa nimeuandika: “Mama anaogopa bilulu.”

Nikamtazama Madamu nikisubiri alama. Alikuwa amesimama kando ya dirisha, vidole vyake vyeupe kwa chaki. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kila siku, “Mistari yote iko na maneno. Numbi, rudia mu nafasi yako.” Akamwita mtoto aliyefuata. Mtoto huyo alikuwa amechagua neno MANIOKI, yaani muhogo.

Jioni ile alinikuta nyuma ya nyumba nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Alininyang'anya mchi polepole, akaulaza, akaniketisha karibu naye juu ya kinu kingine kilicholazwa.

“Bilulu ni nini?” akaniuliza.

“Mbu. Mchwa.”

“Hapana. Vile banaimba ku uwanja, hapana. Banasema bilulu, banataka kusema batu. Batu ya Kasai. Baba yangu. Miye.”

Nilimtazama mikono, nilimtazama shingo, mahali anapovaa mkufu wake wa kanisani. Sikuona kitu kipya.

“Lakini weye ni mutu ya hapa.”

“Mi pia nafikiri vile.”

“Na miye? Na Kalala?”

“Beye muko bana ya baba yenu. Hakuna mutu atabagusa.” Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari njema, na aliposema, alinishika kidevu.

Sikulia. Nilikuwa na wazo. Kama watu walikuwa wamekosea kuhusu mama, basi walikuwa hawajui. Na kama hawajui, kuna njia ya kuwaonyesha, njia aliyotufundisha yeye mwenyewe. Nikachukua karatasi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, nyuma ya kalenda ya kanisa, nikaandika katikati MAMA. Nikavuta mistari. “Alizaliwa mu” hospitali ya kambi. “Alizika baba yake ku” makaburi ya Kolwezi. “Anafundisha” batoto ya mwaka wa tano. “Aliolewa na” Papa, mutu ya Kabongo. “Alifundisha kusoma” Banza. Kila mstari ulikuwa na neno na kila neno lilikuwa la kweli. Nikatoka, nikaibandika mlangoni kwa ugali, upande wa barabara, ili yeyote atakayekuja kufukuza asome kwanza.

Banza ndiye aliyeisoma. Nilimwona dirishani. Alisimama mbele ya mlango, midomo ikicheza, kwa sababu hakuwahi kuacha kusoma kwa midomo. Alipofika chini, kwenye jina lake, alisimama zaidi. Kisha akaibandua taratibu asiichane, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

“Numbi,” akasema alipoingia, bila kunitazama. “Usibandike bitu ku mulango. Batu banaona.”

Siku mbili baadaye, asubuhi, kulikuwa na karatasi nyingine mahali pale pale. Iliandikwa kwamba Madamu Ngalula atoke mbele ya siku ya posho, yaani kabla ya Jumamosi, au nyumba itachomwa. Mama aliisoma akiwa na Kalala mgongoni. Aliweka kidole kwenye herufi moja, ile g ya jina lake, ambayo mkia wake ulijikunja upande usio wake.

“Hii g,” akasema, “nilimusahihisha miaka mbili.”

Aliikunja karatasi, akaniambia nisimweleze baba kuhusu ile g. Banza hakuonekana siku ile wala iliyofuata. Nguo zake zilikuwa zimeondoka.

Niliamini kwamba mimi ndiye niliyewaonyesha. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa, nikabandika upande wa barabara, kwamba humu anakaa mama, na kwamba baba yake alitoka mahali pengine. Nilijua kuunganisha vitu, na sasa niliunganisha hivi: karatasi yangu ilileta karatasi yao.

Baba alikwenda kwa wakubwa wa kazi, akarudi. Alikwenda kwa padri, akarudi. “Siku mbili, tatu, itapita,” alisema. “Uende ku gare na bengine, ukae pale kwa amani. Mutoto ananyonya, umubebe. Numbi abakie na miye. Itapita.” Mama hakubishana. Siku ya Ijumaa vijana walipita kambini mchana kweupe wakigonga milango kwa fimbo, nyumba hadi nyumba, wakijua wapi pa kugonga na wapi pa kupita. Wengine niliwajua; mmoja alikuwa amesoma darasa la mama miaka ya nyuma. Huyo alisimama nyuma ya wenzake akitazama viatu vyake. Mama alitoka na mkeka, sufuria, kikwembe kimoja cha kujifunika, na Kalala. Alifunga mlango, kisha akakumbuka kwamba mimi nimo ndani, akaufungua tena.

Kituo cha treni, hiyo gare, kilikuwa kimejaa kiasi kwamba reli hazikuonekana. Watu walikuwa wamejenga vibanda kwa milango ya makabati, kwa mapazia, kwa meza zilizopinduliwa. Treni haikuwepo. Ilisemwa itakuja kesho, na kesho yake ilisemwa vilevile, na majuma yakapita. Kila mchana baba na mimi tulipeleka bukari, ugali wetu, na sombe ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa. Tulimkuta mama kando ya behewa kuukuu lililoachwa kwenye njia ya pembeni, na kila siku watoto waliomzunguka walikuwa wengi zaidi.

Alikuwa anafundisha. Ubao ulikuwa ubavu wa behewa, chaki ilikuwa kipande cha makala. Mvua ilipopita, maandishi yalitiririka kwa michirizi myeusi na harufu ile ilipanda, na yeye alipangusa kwa kiganja, akaanza upya. Siku moja nilimkuta amewauliza watoto wenyewe watoe neno la katikati. Walisema NYUMBA. Akaliandika, akachora duara. Watoto walitoa mlango, mama, kitanda, mpapai. Kisha msichana wa miaka kama saba akainua mkono.

“Batu bengine.”

“Batu bengine,” mama alirudia, akachora duara. “Na neno njo gani?”

“Banalala mu.”

Mama aliandika hivyohivyo juu ya mstari. Hakubadilisha kitu wala hakumfariji. Aligeuka akauliza, “Nani mwengine?” Na mikono mingi ikapanda.

Siku hiyo ndipo nilipomwambia. Nilisubiri watoto watawanyike, nikamwambia kwamba ni mimi, ni ile karatasi ya mlangoni, ni mimi niliyewaonyesha nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Banza alikula mu ile nyumba miaka tano,” akasema. “Alihitaji ramani yako juu ya nini? Sikia, Numbi. Ulivuta mustari, haukuweka neno. Ramani yako na karatasi yabo, kati yake neno njo gani? ‘Ilikuya mbele ya.’ Basi. ‘Ilileta,’ hapana. Usiandike neno ya uongo juu yako mwenyewe.”

Nimesoma vitabu vingi vya ualimu tangu hapo. Sijakutana na somo lililoniondolea mzigo kama lile, la maneno machache, kando ya behewa lililooza.

Surua iliingia kituoni katika juma la tano. Ilianza kwa vibanda vya upande wa maji, ikatembea. Watawa walikuja na sabuni na vidonge vichache vilivyoisha siku ileile. Kalala alipata homa Jumatatu. Alhamisi asubuhi tulipofika, mama alikuwa amemkalisha mapajani, amemfunika uso, na aliendelea kumpapasa mguu kama mtu anayemlaza mtoto. Baba aliweka sufuria chini. Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mtu mzima akikosa pa kuweka mikono yake.

Mama hakuweza kwenda kuzika. Njia ya makaburini ilipita katikati ya vijana, na wawili waliojaribu juma lile walirudishwa wakitoka damu. Alimfunga Kalala katika kikwembe chake, akampa baba. Tulikwenda sisi wawili. Tulipofika makaburini tulikuta shimo limekwisha kuchimbwa, dogo, lenye kingo zilizonyooka, na pembeni yake Banza amesimama na jembe. Upande wa kuume kulikuwa na kaburi jingine dogo, bichi, lisilo na jina, nami baadaye nilimsimulia mama hayo yote. Sijui nani alimpa habari. Baba hakumsalimu wala hakumfukuza. Lakini mtoto hawezi kushushwa na mtu mmoja, na baba ilimbidi amkabidhi. Banza alipiga magoti akampokea kwa mikono miwili, akalia kwa sauti ambayo sikujua kwamba mwanaume anayo.

Udongo uliporudi juu, baba alitoa ufunguo mfukoni, akamwekea Banza kiganjani.

“Mulitaka nyumba,” akasema. “Njo hii.”

Sikuelewa. Nilifikiri amempa ili aende kupika.

Treni ilikuja siku iliyofuata, mabehewa ya mizigo, mengine bila paa. Watu walipanda kwa makelele, na mwanaume mwenye orodha alisimama kwenye mlango wa kila behewa akiita majina. Mama aliitwa. Akanikumbatia, akaniachia, akapanda, akageuka ili anione. Baba akanibeba, akaniweka ndani ya behewa kando yake, kisha yeye mwenyewe akaweka mguu kwenye ngazi. Alikuwa amevaa nguo zake za kazi, hata kofia ngumu ya mgodini, kwa sababu nguo nyingine zilibaki ndani ya nyumba.

“Tata, ngoja,” mwenye orodha akasema. “Weye unaitwa nani?”

“Ilunga.”

Akatafuta. “Jina yako haiko. Tata, weye si mutu ya Kabongo? Weye hautoki. Uko mutu ya hapa.”

“Uniandike.”

“Mi siwezi kuandika mutu ya hapa.”

“Andika ku mwisho. Nafasi iko.”

Mama aliinama mlangoni. “Baba Numbi, shuka. Shuka na mutoto. Kazi yako? Atasoma wapi?”

“Atasoma kwako,” baba akasema, akapanda.

Yule mtu alimtazama kwa muda, kalamu ikiwa hewani. Sijui kama aliandika.

Tulisafiri siku nyingi, treni ikisimama porini bila sababu. Baba alikaa mlangoni, mgongo wake ukielekea nje, kwa sababu katika vituo vingine walitupa mawe. Huko Kamina tulisimama mchana kutwa. Kamina ndipo watu wa Kabongo wanapobadilisha treni kwenda kwao, na kwenye jukwaa watu walimtambua, wakamwita kwa jina la utotoni. Baba alishuka. Nilimwona akizungumza na mwanamke mzee aliyemshika mkono na hakutaka kuuachia, akimwonyesha upande wa mji. Kisha umati ukawafunika. Treni ilipiga honi. Behewa lilitikisika, likaanza kujivuta, na mimi nikapiga kelele. Mama hakupiga kelele. Alikuwa amefumba macho. Baba alitokea akikimbia kwa hatua fupi za ajabu, kama mzee, na watu wakamvuta ndani kwa mkanda. Alikuwa amebeba kofia yake kwa mikono miwili, imejaa maji, ndiyo maana alikimbia vile. Alimpa mama kwanza, kisha akaipitisha kwa wengine behewa zima.

Tulishuka Mwene-Ditu. Huko watu walituita watu wa Katanga. Chiluba cha mama, lugha ya Kasai, kiliwachekesha watoto wa darasa lake la kwanza, chini ya paa la nyasi nyuma ya kanisa, naye aliwaacha wacheke, kisha akachora duara. Baba, ambaye hakuwa ameshika jembe tangu ujana wake, alilima mahindi kwenye shamba la kuazima na akazeeka haraka. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi Kolwezi kukaa. Nilisoma kwa mama hadi nilipomaliza yote aliyokuwa nayo.

Miaka minne ilipita, kisha mfanyakazi mmoja wa reli akatuletea barua. Niliitambua g kabla sijaisoma. Banza aliandika kwamba ameoa, kwamba nyumba hakukaa, aliifunga. Kwamba kila mwezi anakwenda kupalilia kaburi la Kalala na ameweka msalaba wa chuma. Hakuomba kitu. Mwishoni alisema kama mama hataki aendelee kwenda, ataacha.

Mama aliiweka barua ile ndani ya Biblia, na hakuigusa kwa muda mrefu sana. Baba hakumwuliza. Halafu siku moja, mwanzoni mwa mvua, aliniita nikae mezani nimwandikie, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Nilishika kalamu. Nilidhani itakuwa barua ndefu. Alisema maneno haya, nikayaandika, akaweka sahihi yake chini:

“Banza, uendelee. Na ile kaburi ya kuume, ya kadogo, yenye haina jina, uipalilie pia. Bazazi yake beko huku.”